Spidomita ya Mkwe Wangu

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Nikiona nyoka napiga kelele mpaka majirani wanafika na mapanga, na nikiona pikipiki inakimbia natamani kumchapa kofi yule anayeiendesha. Watu wa soko la Bungoma wananijua kwa ukali. Hawajui kwamba kila wanaposikia nafoka, ndani yangu nimeshikwa na hofu.

Kazi yangu ni saa. Marehemu mume wangu ndiye aliyenifunza kuzifungua na kuzifunga, na alipogongwa na lori pale Kanduyi nilirithi kibanda chake na vifaa vyake vyote. Siku hizi watu husoma saa kwenye simu. Kwa hiyo natengeneza chochote chenye mshale: mizani ya wauza nyama, geji za wajaza upepo, na zaidi ya yote spidomita za boda boda.

Festus ndiye aliyemwoa binti yangu Mary Ann. Ni mtu wa Naitiri lakini wanaishi Kitale, ambako anapima maziwa kwenye ushirika wa wafugaji. Ni mtu wa kuamini kipimo. Mkulima akilia, akiapa kwa jina la mama yake kwamba hakutia maji, Festus humwonyesha kipimo kwa upole na mazungumzo yanaishia hapo. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikuwahi kumwambia, na sababu yake mtaiona.

Huko Kitale alinunua pikipiki ya zamani ya Kiitaliano iliyokuwa imelala miaka mingi kwenye ghala la shamba moja, chini ya magunia na mavi ya kuku. Nyekundu. Mary Ann alilalamika kwamba yeye mwenyewe hajawahi kusuguliwa mgongo vile tangi lile lilivyosuguliwa. Festus akaifufua injini, akaipaka rangi, akakishonea kiti ngozi mpya. Zikabaki mita mbili za mbele, moja ya mwendo na nyingine ya mizunguko ya injini. Vioo vilikuwa vimeingia ukungu, nambari zimefifia, mishale imekwama. Mafundi wa Kitale walimwambia atupe, aweke za Kichina. Akakataa. Akamwambia mke wake, "Peleka kwa mama."

Sasa niseme habari ya mkwe. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hatupeani mkono, hatuketi chumba kimoja, hatuangaliani usoni. Tukikutana njiani, mmoja anapinda kando na kugeuza uso mpaka mwenzake apite. Hiyo ni heshima, wala si chuki. Najua kuna wakwe wa siku hizi wanaopiga picha na mama wa wake zao huku wamekumbatiana, wanacheka meno yote nje. Sijui wanawezaje. Mimi nimelelewa Bumula na nyanya aliyekuwa akijificha nyuma ya ghala la mahindi mkwe wake akibisha, na Festus amelelewa vivyo hivyo. Tangu harusi yao sikuwa nimemwambia neno hata moja mdomo kwa mdomo. Tukiwa na jambo, Mary Ann husimama katikati, analipokea huku na kulipeleka kule.

Basi Mary Ann akaniletea mita zile kwenye sanduku la viatu, zimefungwa kwa taulo.

Kuzifungua kulinitia jasho. Kioo cha mita kama hizo hushikwa na pete nyembamba ya chuma iliyokunjwa ukingoni, na lazima uikunjue kidogo kidogo kuizunguka yote, kwa sababu ukiharakisha inapasuka na huwezi kuipata nyingine Kenya hii. Ndani kuna sumaku, kikombe cha bati laini, na springi nyembamba kama unywele. Nilikuwa nashusha pumzi mbali na meza. Nilisafisha, nikatia mafuta tone la ncha ya sindano, nikamwomba mkata vioo anikatie vioo vipya, nikazirudishia nambari rangi kwa brashi ya kope. Zilipendeza. Wenzangu sokoni walikuja kuziangalia, na mimi nikawafukuza wasizipumulie.

Ikabaki kuweka mshale usome sawasawa. Kibanda changu hakina barabara ndani, kwa hiyo natumia njia ya marehemu. Kuna kifaa alichokichonga mwenyewe, chenye gia ndogo, kinachozungusha spidomita mbili kwa pamoja kwa nguvu ya drili. Upande mmoja naweka spidomita nzima ya boda ninayoiamini, upande wa pili naweka ile mgonjwa. Nzima ikisoma sitini, naikaza au kuilegeza springi ya mgonjwa mpaka nayo isome sitini. Nusu ya boda boda za Bungoma zimepimwa hivyo, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Niliazima spidomita ya Wangila, kijana wa boda anayeegesha mbele ya kibanda. Drili ikanguruma. Ya Wangila ikafika sitini, na ile ya Kiitaliano ikaruka ikapita themanini. Nikaona, eeh, springi imezeeka. Nikaikaza, nikaikaza tena, mpaka mishale yote miwili ikakaa sitini imetulia kabisa.

Kuna kitu nilikiona hapo na sikukitilia maanani. Zile nambari ndogo za kuhesabu kilomita zilikuwa zinakimbia kwenye ya Kiitaliano kuliko kwenye ya Wangila. Nilikasirika tu. Nikasema hivi vigurudumu vya kizee vimelegea, na hakuna anayenunua pikipiki ya maonyesho ili ahesabu kilomita. Nikafunga kioo.

Nilipompa Mary Ann nikamwambia, "Mwambie aijaribu kwanza na simu, ile kitu ya kuonyesha mwendo, kabla hajaenda mbali."

Baadaye akanipigia akicheka. "Mama, amekataa. Ati kazi ya mama nitaipimaje? Si hiyo ni kumwambia simwamini?"

Nilivimba kichwa. Nilimsimulia kila mtu aliyeleta saa kwamba mkwe wangu ana adabu.

Jumamosi ikafika. Wenye pikipiki za zamani walikuwa wamepanga kutoka Kitale kwa msafara hadi Kibabii, ambako kungekuwa na maonyesho uwanjani. Asubuhi Mary Ann alinipigia. "Wametoka, mama. Ameniapia hatapita sitini. Unajua breki za hiyo kitu ni za enzi ya babu, fundi alimwonya, ukizidi sitini kwa mteremko hazishiki. Lakini Festus unamjua, ataangalia ule mshale mpaka macho yamuume."

"Sawa," nikasema, na nikarudi kazini.

Nilikuwa na spidomita ya boda nyingine ya kupima, na ya Wangila nilikuwa bado sijamrudishia. Nikazifunga kwenye kifaa cha marehemu, nikawasha drili. Mishale ikapanda. Nikatupa jicho kwenye nambari za kilomita, nikaona zinakwenda pamoja, namba kwa namba, hakuna inayoiacha nyingine.

Nikazima drili.

Nambari za kilomita huzungushwa na meno ya gia. Jino halizeeki likaanza kukimbia. Linaweza kukwama au kuvunjika, basi. Kama nambari za Kiitaliano zilikimbia kuliko za boda, ni kwa sababu pikipiki ile imeundwa hivyo: kebo yake inayotoka gurudumuni huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, kwa hiyo kwa mzunguko uleule yenyewe imekwenda mbali zaidi. Mshale uliporuka kupita themanini ulikuwa unasema kweli. Mimi ndiye niliyeukaza ukasema uongo. Festus akiona sitini, yuko themanini na kitu.

Na breki zake hazishiki zaidi ya sitini.

Nilitafuta simu nikaiona iko mkononi mwangu. Nilikuwa na nambari yake, Mary Ann aliniwekea zamani, sikuwahi kuibonyeza. Nikaibonyeza. Ikaita. Akapokea Mary Ann.

"Mama? Festus ameacha simu hapa kwa meza, ilikuwa inachaji. Kuna nini?"

"Kwa nini hakuijaribu?" nilimfokea. "Nilimwambia aijaribu! Kwa nini hamsikii?"

"Mama, kuna nini?"

Nikakata kabla hajanisikia nikilia. Nilitoka mbio nikiwa na aproni yangu, kibanda wazi, saa za watu juu ya meza.

"Wangila! Washa! Tunaenda njia ya Kitale."

Wangila alikuwa anakula mandazi. "Kitale? Kuna nini, Mama Mary Ann?"

"Kimbia tu."

"Si ni wewe hunitukana nikikimbia?"

"Leo nitakutukana usipokimbia."

Nikapanda. Nilikuwa sijapanda pikipiki tangu kifo cha mume wangu. Nilimshika Wangila kiunoni mpaka akalalamika. Tulipopita Kanduyi nilifumba macho kama ninavyofanya siku zote, ila safari hii nikiyafumba naona Festus, nikiyafumbua naona malori. Njia ya Webuye Jumamosi imejaa malori ya mpakani Malaba, marefu, yanakohoa moshi, na Wangila alikuwa anapenya katikati yao kana kwamba ana roho mbili. Niliomba. Nilimtukana. Niliomba tena.

"Tunaenda kwa ngapi?" nilimpigia kelele sikioni.

"Sijui, mama! Spidomita yangu si iko kwako?"

Kweli, pale mbele yake palikuwa na shimo na nyaya. "Wewe unakadiria ngapi?"

"Themanini hivi!"

Basi nikajua themanini ni nini. Ni machozi yanayotoka yenyewe. Ni shimo dogo la lami linalokurusha mpaka unakiacha kiti. Nikamfikiria Festus katikati ya hayo yote, mtu mpole, anaangalia mshale wangu mzuri wenye rangi mpya na kujiambia kwamba anakwenda polepole.

Webuye tulikata kushoto, tukapanda kwenda Misikhu. Hapo tukakutana na msafara. Pikipiki za zamani za kila aina, zingine zinapiga kama bunduki. Niliangalia nyekundu, sikuiona. Wangila akampungia mkono mmoja wao, mtu mzima mwenye koti la ngozi, akasimama. Alisema anaitwa Cheruiyot.

"Mwenye nyekundu yuko wapi?" nikamuuliza. "Festus, wa Kitale."

"Yuko nyuma, mama. Tulimwacha Kamukuywa akikaza boliti fulani ya egzosi. Atakuja tu. Kwani kuna shida?"

"Kwa nini mmemwacha peke yake?" Nilimkemea mzee wa watu kama mtoto. Aliniangalia kwa mshangao, akavaa helmeti yake akaenda.

Peke yake, na wenzake wamemtangulia. Mtu aliyeachwa hukimbia ili awafikie. Nikamwambia Wangila aendelee.

Baada ya Misikhu kuna mahali barabara inateremka kutoka upande wa Kitale, ndefu, mahindi huku na huku, chini kabisa kuna daraja dogo na kona. Tulipofika chini nikamwambia asimame. Niliwaza hivi: hapa ndipo breki zitakapomtupa. Hapa ndipo lazima tumsimamishe kabla hajashika kasi. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Wangila angepanda hadi juu ya mteremko, akae kando ya barabara, amwonyeshe mkono, amwambie. Mimi ningebaki chini, mbali, kama inavyofaa.

"Sawa, mama," Wangila akasema, "lakini kwanza nimebanwa. Umenikimbiza tangu Bungoma." Akaingia kwenye mahindi.

Na hapo ndipo nikaisikia. Sauti nzito, ya pole, isiyofanana na boda yoyote. Nikatazama juu, nikaona doa jekundu limetokea kileleni.

"Wangila!" nikaita. "Wangila, toka!"

Doa likakua. Kwa macho yangu lilikuwa linaruka juu ya lami. Nilitafuta kitu cha kufanya, nikavua aproni, nikaingia katikati ya barabara, nikaanza kuipunga kwa mikono miwili. "Polepole! Festus! Polepole! Inadanganya!" Sikufikiri juu ya desturi. Sikufikiri juu ya chochote ila ile kona nyuma yangu.

Akaniona. Nilijua ameniona kwa sababu kichwa kilisimama kidogo, kikakakamaa. Kisha akafanya kile ambacho kijana yeyote aliyelelewa vizuri kwetu angefanya akimwona mama mkwe wake ghafla mbele yake, kichwa wazi, anapiga kelele.

Akageuza uso.

Aligeuza uso upande wa mahindi, kwa heshima kabisa. Na pikipiki huenda pale mtu anapoangalia, mwulize boda yeyote. Ile nyekundu ikafuata macho yake, ikatoka kwenye lami, ikagonga ukingo wa mtaro, ikapinduka.

Sijui nilifikaje. Nakumbuka gurudumu la nyuma bado linazunguka na harufu ya petroli. Festus alikuwa chini mtaroni, pikipiki imemlalia mguu, na petroli ilikuwa inadondoka kutoka kwenye tangi ikianguka karibu na egzosi, inatoa moshi. Alikuwa hai. Alikuwa amelalia ubavu, uso ameuzika kwenye nyasi.

"Mama, usije!" alipiga kelele bila kunitazama. "Usije karibu! Ita mtu! Usiniguse!"

"Nyamaza!" nikasema.

Ukiacha zile kelele za barabarani, hilo ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia mkwe wangu.

Nikashuka mtaroni, nikapitisha mikono yangu chini ya makwapa yake, nikavuta. Hakutoka. Alipiga yowe, na mimi nikapiga yowe zaidi yake. Kifua chake kilikuwa kwenye kifua changu, helmeti yake inanigonga taya, moyo wake nausikia au labda ni wangu. Wangila akatokea kwenye mahindi anafunga mshipi, akaona, akaruka. Aliikamata pikipiki kwa bega akaiinua kiasi cha shubiri, nami nikamvuta Festus nikaanguka naye chali kwenye majani. Nyuma yetu nyasi zikashika moto, mdogo tu, wa buluu. Wangila akaufukia kwa udongo kwa mikono na viatu mpaka ukafa.

Niliendelea kumshika. Mguu wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

"Mguu tu," Wangila alisema. "Mguu tu, mama. Ni mzima huyu. Wacha nitafute pikapu." Akatoa simu, akapanda barabarani.

Tukabaki wawili. Watu wazima wa ukoo watakuwa na la kusema, nilijua, na watataka mbuzi wao wa kusafisha mwiko tuliouvunja, na maneno yao. Hayo yangengoja. Kulikuwa na jambo moja ambalo lingeniua kama nisingelitamka, na Mary Ann hakuwa hapo wa kulibeba.

"Festus," nikasema. "Ile spidomita nimeiharibu mimi. Niliipima na ya boda. Inasoma chini. Ukiona sitini unakuwa themanini na kitu. Nimekuja kukuambia. Ni mkono wangu huu umekuangusha, unisamehe."

Alipumua kwa meno. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alizungusha kichwa ndani ya ile helmeti, akanitazama machoni. Ana macho ya kahawia. Sikuwa najua.

"Najua, mama," akasema.

"Unajua nini?"

"Inasoma chini. Nilijua siku ya kwanza nilipoiendesha. Nilisikia upepo ni mwingi. Zile nambari za kilomita ziko sawa, kwa hivyo nikazipima na saa, nikapiga hesabu." Akakunja uso kwa maumivu, akangoja yapite. "Hapa kwa mteremko nilikuwa nimeuweka mshale kwa arobaini na tatu. Hiyo ndiyo sitini."

Nilimkodolea macho. "Na hukusema? Kwa nini hukumwambia Mary Ann?"

"Mary Ann angekuambia."

"Ungeniambia basi!"

"Ningekuambiaje, mama?" akauliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kujibiwa.

Juu barabarani Wangila alikuwa anapatana na mtu mwenye pikapu, na watu walikuwa wameanza kutoka mashambani kuja kutazama. Mkwe wangu alikuwa amefumba macho, kichwa chake mapajani mwangu mbele ya watu wote hao, na mimi nikimpangusa udongo usoni kwa aproni. Alikuwa anakuja vizuri, kwa mwendo wake wa sitini, breki zake zinashika. Alikuwa anakuja salama kabisa mpaka aliponiona mimi.